Filimbi Niliyojifunza Dirishani

Walianza kucheka nilipopiga kisigino.

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba cha nyuma cha baa ya Kiayalandi, Jumapili saa kumi alasiri, nimevaa kizibao changu cha ulinzi kinachong'aa kwa sababu mwenye baa alikataa nikivue nikiwa kazini. Mdomoni nilikuwa na filimbi niliyoitengeneza mwenyewe kwa bomba la maji. Watu kumi na wawili walikaa duara, kila mmoja na chombo chake mapajani. Mbele yangu alikaa bibi kizee wa Kizungu aliyetoka Ayalandi kwenyewe, fundi wa filimbi, ameinamisha kichwa ananisikiliza. Nilikuwa napiga peke yangu. Nilifika katikati ya wimbo nikanyamaza, kama nilivyojua inatakiwa. Nikahesabu moyoni, macho nimefumba. Halafu nikapiga kisigino sakafuni, ko! Nikarudi kwenye wimbo kwa ile sauti ngumu kuliko zote, sauti iliyonichukua miezi mitatu kuipata.

Nikasikia mtu anakoroma puani. Nikadhani ni mafua, maana ilikuwa Julai, na Julai ya Jozi, yaani Johannesburg, ni ya baridi na ina mafua yake. Kisha akakoroma mwingine. Kisha chumba kizima kikapasuka. Mwanamke wa kodiani alilalia kodiani lake kwa kicheko, nalo likatoa mlio wa ng'ombe, na ule mlio ukawachekesha upya.

Yule bibi peke yake hakucheka. Alingoja watulie, akaniuliza kwa upole, "Nani amekufundisha?"

Nami nilivyolelewa, mwalimu hutajwa. Nikanyoosha bomba langu, nikamwonyesha daktari wa meno aliyekaa pale dirishani.

Hapo ndipo waliponimaliza.

Sasa nirudi nyuma niieleze yote, maana kisa hiki kinasimuliwa pale baa bila mimi kuwepo, na kila kinaposimuliwa mjinga ni mimi. Mimi nasema wako wengine wa kushtakiwa. Majina yao siyataji, bado nahitaji kazi. Lakini shughuli zao nitazitaja, na kila mmoja atajijua.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimevuka hamsini, na darasa la saba nililisindikiza tu. Lilipofika mwisho wake likaenda zake, nami nikaenda zangu. Huku Bondeni, Afrika Kusini, niliingia nyuma ya lori la vitunguu. Nimenusurika mambo. Kibanda changu cha chaja na soksi kule Hillbrow kilivunjwa mara mbili na watu walioniambia nirudi kwetu, na mara zote mbili walichukua soksi wakaacha chaja, sijui kwa nini. Nimelala rumande siku kumi na moja kwa sababu ya karatasi ya kibali niliyokuwa nayo mfukoni, ila ilikuwa imefuliwa pamoja na suruali. Lifti ya jengo letu la Berea ilianguka orofa mbili nikiwa ndani, na tangu siku hiyo haijapanda tena. Mimi ndiye abiria wake wa mwisho. Yote hayo nayasimulia nikicheka. Hili la filimbi siwezi.

Baada ya kibanda kuvunjwa mara ya pili, nikapata kazi ya kulinda magari nyuma ya baa, upande wa kaskazini huko karibu na Sandton, ambako kila ukuta una nyaya za umeme juu na kila mbwa ana daktari wake. Mimi pombe sinywi, mwenye baa akafurahi sana. Akasema mlinzi Mwislamu ndiye anayefaa baa. Akanipa kiti cha plastiki nikakiweka chini ya dirisha la chumba cha nyuma, mahali penye kivuli. Dirisha lile lilikuwa na vioo vinne. Vitatu vizima, cha nne kimevunjika na hakuna aliyeshughulika kukirudisha.

Jumapili ya kwanza nilidhani mle ndani kuna harusi. Muziki ulianza saa tisa, ukaenda bila kupumua. Hakuna anayeimba, hakuna anayetangaza, hakuna karatasi. Mmoja anaanza, wengine wanamdaka juu kwa juu. Wimbo ukiisha hauishi, unaingia mwingine. Vyombo vingi vilinifikia kwa mbali, kama maharage yanayochemka nyumba ya pili. Lakini filimbi moja ilikuwa pale pale kwenye tundu la kioo, kana kwamba mtu ameniinamia sikioni ananisemesha.

Utotoni nilipiga filimbi ya bua la mpapai, kama kila mtoto wa kwetu. Nilikuwa sijaisikia filimbi moyoni tangu hapo. Sasa nimekaa Jozi, mtu mzima, natazama magari ya watu, na kidole changu kimeanza chenyewe kucheza juu ya goti.

Aliyekuwa akipiga pale dirishani ni mshtakiwa wangu wa kwanza, daktari wa meno. Mtu mrefu, shingo nyekundu, gari la rangi ya fedha. Alikuja kila Jumapili na sanduku refu kama la bunduki, ndani mna filimbi tatu. Kila Jumapili mimi ndiye niliyempangia gari: rudi, rudi, kata kushoto, hapo hapo, sharp. Akishuka ananiinulia kidole gumba bila kunitazama usoni. Miaka sita.

Nikaamua nitajifunza. Mafundi bomba walikuwa wamekuja kwenye jengo letu, wakafungua maji, wakaacha vipande vya mabomba meupe kwenye ngazi, wakaondoka na maji yetu. Nikachukua kipande. Nikapasha skrubu moto kwenye jiko, nikatoboa tundu moja la kupulizia na sita za vidole. Vipimo sikuwa navyo. Ilibidi ningoje Jumapili, nisikilize sauti dirishani, nijaribu tundu, nione iko chini ama juu, nikirudi nyumbani nilipanue kidogo kwa kisu. Mabomba manne yaliharibika. La tano likakubali.

Mwisho wa bomba, upande wa juu, panatakiwa kuzibwa. Kizibo kinachofaa ni cha mvinyo, na vizibo vya mvinyo vilijaa kwenye pipa la taka la baa, mita tatu kutoka kiti changu. Nilikitazama kimoja siku mbili. Siku ya tatu nikakichukua, nikakiosha mara saba, moja kwa udongo. Najua hukumu hiyo ni ya mate ya mbwa, lakini ya kizibo sikuijua, nikaona bora nizidishe.

Kisha nikaanza kupokea. Nasema kupokea, maana hivyo ndivyo nilivyofunzwa kila kitu nikijuacho. Chuoni kwetu, tulipokuwa tunahifadhi Kurani, mwalimu alikuwa anasoma, sisi tunarudia. Palipo na kuvuta unavuta, palipo na kunyamaza unanyamaza, na pumzi unaipata pale pale anapoipata yeye. Usiongeze, usipunguze. Aliyeongeza lake alikula fimbo. Shule ya serikali haikunipa chochote cha kushika, lakini chuoni nilikuwa hodari. Nikisikia kitu mara tano kimeganda.

Basi nikamhifadhi daktari wa meno.

Nyimbo zao zina vyumba viwili. Unaingia cha kwanza mara mbili, unaingia cha pili mara mbili, unarudi cha kwanza, mizunguko mitatu ndio mwisho. Majina yake siyajui, nikazipa yangu: kuna Polisi Wanakuja, kuna Mama Muuza Uji, na kuna ule nilioupenda kuliko zote, nikauita Ngazi, kwa sababu mwendo wake ni wa mtu anayeshuka orofa tisa kwa furaha, mbili mbili, mkono juu ya reli.

Chumba cha kwanza cha Ngazi hakina taabu. Chumba cha pili kinapanda juu sana, na hapo ndipo daktari alipofanya jambo lililonishangaza. Alinyamaza. Wenzake kule mbali wanaendelea kuchemka, yeye kimya, kama vipigo vinane. Halafu inasikika ko! Halafu anarudi kwa sauti moja ya ajabu, si ya juu wala ya chini, kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, na kutoka hapo wimbo unaendelea vizuri mpaka mwisho. Mzunguko wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Jumapili baada ya Jumapili, pale pale, bila kukosea. Jambo linalorudi pale pale kila wiki, wewe ungeliitaje? Mimi nililiita kanuni.

Nikahifadhi kimya. Nikahifadhi ko, kwa kuwa mikono ina filimbi, nikaona hiyo hupigwa kwa kisigino. Ile sauti ya mbuzi ndiyo iliyonitoa jasho. Haikuwa kwenye tundu lolote. Nilijaribu kila namna, mwishowe nikagundua kwamba ukifunika tundu la tatu nusu, ukapinda mdomo kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, inakuja. Miezi mitatu. Siku ilipokuja sawasawa nilisujudu.

Nilikuwa nikifanyia mazoezi kwenye ngazi za jengo, mchana, siku ambazo sina zamu. Chumba nakaa na Mkongo wa Bukavu, fundi simu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao. Akawa anapita na ndoo ya maji.

"Yaya," akaniambia, maana kwao kaka mkubwa ndiye yaya, "iyi muziki iko na shida. Inakufaka katikati."

"Haifi. Inapumzika."

"Inapumzika kufanya nini? Haijatoka kazini."

"Hiyo ni heshima yao, wewe huijui."

"Kwetu mutu akinyamaza katikati ya wimbo, bananyanganya ye mikrofoni." Akatua ndoo. "Na ile kupiga mguu?"

"Ndiyo ngoma yenyewe."

"Eish," akasema, akachukua ndoo yake. Kwa haki yake namwondoa kwenye mashtaka. Alisema. Mimi nikamjibu kwa kiburi cha mtu mwenye mwalimu.

Mshtakiwa wa pili ni Mkenya wa benki. Huyu ni kijana wa arobaini hivi, anafanya kazi kwenye jengo la vioo Sandton, anapiga fidla aliyoianza shuleni kwa masista. Jumapili moja wakati wa mapumziko alitoka kuchukua kitu garini, akanikuta nyuma ya mapipa ya taka na bomba langu, niko chumba cha kwanza cha Ngazi.

"Wee!" akasema. "Hiyo ngoma umeitoa wapi?"

"Hapo dirishani, bosi."

"Kwa kusikia tu?"

"Kwa kusikia."

"Na hiyo umeshika ni nini? Paipu ya maji?" Akashika boneti ya gari asianguke. "Mzee wangu, wewe ni noma. Endelea, endelea."

Ningeendelea. Lakini hapo hapo likaingia bakkie, pikapu la huku, linatafuta nafasi, nikaacha filimbi nikaenda kusema rudi, rudi. Kwa hiyo Mkenya alisikia chumba cha kwanza tu. Chumba cha pili hakuwahi kukiingia. Ukinunua nyumba utatazama sebule peke yake?

Kuanzia siku hiyo akanipenda. Alikuwa na hamu ya Kiswahili. Watoto wake, alisema, wanamjibu kwa Kiingereza mpaka akiwagombeza. Mapumziko yakifika anatoka, tunazungumza. Ndiye aliyeniletea habari ya filimbi ya marehemu.

Katika duara lao alikuwamo mzee mmoja, mhandisi mstaafu, mpiga filimbi wa kweli. Akafariki. Mjane wake akaleta filimbi yake pale baa, akasema hataki iuzwe. Apewe mtu anayepiga na hana filimbi halisi. Na kwa kuwa yule fundi wa kike wa Ayalandi angekuja kuwatembelea Julai, basi yeye amsikilize huyo mtu kwanza, athibitishe kwamba anaipenda kazi, si wa kwenda kuiweka kabatini.

Mkenya alikuja nayo mpaka garini kwake ili nione. Akafungua kitambaa. Nyeusi, inang'aa, na pete za fedha kwenye maungio. Nikaipima mkononi. Uzito ule mkono wangu uliujua kabla ya kichwa.

"Huu ni mpingo," nikasema.

"Eti nini?"

"Mpingo, bosi. Mti wa kwetu."

Ujanani, kabla sijaanza kuhangaika na dunia, nilibeba magogo ya mpingo kule Kilwa. Tuliambiwa yanakwenda Ulaya kufanywa ala za muziki, tukacheka sana. Gogo zito hivi, linazama majini, litaimbaje? Moja liliniangukia mguu, ukucha wa kidole gumba haukurudi mpaka leo. Sasa nimeshika jibu lake, limetobolewa matundu sita. Limetoka kwetu likaenda kwao likajifunza kuimba, likaja hapa. Mimi nilikuja moja kwa moja, ndiyo maana nikaishia kwenye maegesho.

Nikamuuliza, "Wangapi wanaigombea?"

"Nani agombee? Kila mtu hapa ana yake. Asiye na filimbi ya ukweli ni wewe peke yako."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo ni kama yako tayari. Utasimama, utapiga wimbo mmoja, mama atafurahi, kwisha. Cheza tu vile unachezanga hapa nje. Usibadilishe kitu."

Usibadilishe kitu. Maneno yake hayo, na nayaandika hapa ili asiyakane.

Nikamuuliza kama naweza kuingia ndani nipige nao hata mara moja kabla ya siku yenyewe. Akaenda kumuuliza mwenye baa. Mwenye baa, mshtakiwa wa tatu, akasema mlinzi haketi na wateja. Siku ya fundi ataruhusu dakika kumi, na kizibao kisivuliwe. Lau ningekaa nao Jumapili moja tu ningesikia chumba cha pili kizima, na leo nisingekuwa naandika haya.

Ikafika siku. Nilipiga kama nilivyopokea. Nimeshaeleza kilichotokea mpaka nikamnyooshea daktari bomba. Sasa sikiliza kilichofuata.

Daktari akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi huyu mtu simjui," akasema. "Sijawahi kumwona."

Sijawahi kumwona! Miaka sita namwambia kata kushoto!

Yule bibi akamwambia, "Hebu upige wewe wimbo huo huo."

Daktari akajizungusha, akasema filimbi yake imepata baridi. Wenzake wakamshangilia kwa makofi. Akaanza. Chumba cha kwanza, sawa. Akaingia cha pili, na wimbo ulipoanza kupanda, akatoa filimbi mdomoni. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye bilauri ya bia. Akanywa. Akaitua mezani: ko! Akarudi na sauti ya mbuzi.

Wallahi nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo upande wangu wa ukuta, ngoma. Upande wao, mtu anakunywa bia. Mimi ambaye hata kizibo nilikiosha mara saba.

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Yule bibi sasa naye midomo ilimtetemeka, lakini alikuwa na heshima, akasema, "Pigeni pamoja." Ningefanya nini? Ndiye mwamuzi. Tukapiga. Tulikwenda kama watu waliozaliwa mapacha. Tulinyamaza pamoja, yeye akanywa, mimi nikahesabu, bilauri na kisigino vikatua papo hapo, mbuzi wawili wakakanyagwa kwa mpigo mmoja. Mwenye baa alikuja mbio kutoka kaunta akidhani kuna mtu amezirai. Wala hakuwa amekosea sana; mwanamke wa kodiani alikuwa sakafuni.

Bibi akanishika mkono. Akaniambia pumzi yangu ni nzuri, na sikio langu hajaona mfano wake, lakini filimbi ile hawezi kunipa leo. Kwanza nijifunze kilichomo ndani ya lile pengo. Nifundishwe na nani, hakusema. Dakika zangu kumi zikawa zimekwisha. Kulikuwa na gari linataka kutoka.

Kwa hiyo ndugu msomaji, mimi niligombea peke yangu na bado nikashindwa.

Jumapili iliyofuata Mkenya alikuja kunipa pole. Alikuwa amejikaza uso, lakini mabega yalikuwa yanamsaliti.

"Mzee, pole. Lakini pia wewe, hukushuku? Pale kwetu sheria ni moja tu: kipande usichokijua unanyamaza. Yule daktari huwa ananyamaza kwa sababu hajui."

"Mimi nitajuaje kwamba hajui? Ndiye niliyemsikia."

"Si kuna watu kumi na mmoja wengine!"

"Wako mbali, bosi. Yeye ndiye yuko kwenye tundu la dirisha."

Hapo akasema neno ambalo nadhani lilimponyoka. Akasema, "Ah, sasa, pale tulimweka makusudi."

"Makusudi vipi?"

Akatazama viatu vyake. "Si ulisikia vile anapiga? Tukaamua akae pale kwa kile kioo kimevunjika. Ndio nusu ya sauti iende nje."

"Nje wapi?"

"Nje tu, mzee. Nje. Si unaelewa."

Nikaelewa. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikaelewa mpaka jua likahama. Watu wazima kumi na mmoja, wenye masikio yao na elimu zao, walikuwa na uchafu wa sauti, wakautafutia tundu, wakautupa. Na mimi chini ya tundu nikaukinga kwa mikono miwili, nikaupeleka nyumbani Berea, nikauhifadhi kwa miezi na miaka kama kitabu kitukufu. Hata kile kioo sasa najua kwa nini hakikurudishwa.

Nimejaribu kujisafisha. Mkenya alinitumia kwenye simu chumba cha pili chote, kimepigwa polepole kwa fidla. Kizuri, sikatai. Kile kipande kilichofichwa na bia ndicho kitamu kuliko wimbo wote. Nilikishika kwa siku nne. Lakini nikiunganisha wimbo mzima, nikifika pale vidole vinasimama vyenyewe na kisigino kinapiga. Na siko peke yangu tena. Mkongo wangu, aliyeikataa tangu mwanzo, sasa anaiimba akitengeneza simu, na pale katikati ananyamaza kisha anagonga meza kwa bisibisi. Mama wa Kizulu wa orofa ya nane, chini yetu, aliyekuwa akinigongea dari kwa mpini wa ufagio nikome, siku hizi anagonga mara moja tu, pale pale panapostahili.

Filimbi ya mpingo je? Mwenye baa aliitundika ukutani juu ya kaunta, kwa muda, alisema, mpaka mambo yaamuliwe. Hii ni baridi ya pili inapita. Hewa ya Jozi wakati wa baridi ni kavu, inapasua midomo ya watu, sembuse mti. Mpingo uliokwisha tobolewa unataka mafuta, unataka pumzi ya mtu ndani yake, ukiuacha unajipasua. Kila nikienda kuchukua chai yangu jikoni napita nikiitazama. Wiki iliyopita niliona uzi mwembamba chini ya pete ya kwanza. Nikamwambia mwenye baa. Akasema ni vumbi. Nikamwambia Mkenya. Akasema wamefungua kundi la wasap kuijadili. Kundi ambalo mimi simo. Daktari wa meno yumo, na bado anakaa dirishani, na mimi nimehamishia kiti changu juani.

Basi nauliza, na sitaki jibu la wasap. Daktari simtaki tena; yeye ni mgonjwa tu, hajijui. Mkenya nimeshamsikia. Namtaka yule mmoja kati yenu mnaokaa duara lile, aliyesimama siku ya kwanza akasema, mwekeni pale kwenye kioo kilichovunjika. Lazima alikuwepo, wazo halijisemi lenyewe. Atoke Jumapili hii saa tisa, kabla hamjaanza, aje kwenye maegesho nilipo. Asiniletee pole wala soda. Aje na ile filimbi mkononi kabla haijapasuka, asimame mbele yangu, anijibu hili moja: alipoielekeza sauti ile nje, nje alidhani kuna nani?